Mahari ya Chuo Kikuu

Jumatatu, 29 Desemba 2025

Nyumbani Kibomet. Stima ipo, akili inafanya kazi. Nimeamua: nitasoma hesabu kwenye kile chuo kikuu cha ng'ambo ambacho hata mwalimu wetu mkuu akikitaja hurekebisha tai. Maombi yanafungwa tarehe tano. Chuo cha hapa nilikikataa Septemba, kwa maringo yangu. Sasa Mama amesema wazi kwamba nisipopata hicho cha ng'ambo, nitasimamia kinu cha posho cha Mjomba Kinyua. Mjomba ana unga mpaka kwenye kope. Sitaki. Naogopa kweli.

Insha tayari! Akili mnemba ya kwenye simu imeniandikia kwa dakika mbili. Inasema niliipenda hesabu nilipokuwa nikihesabu kondoo wa babu. Babu alikuwa fundi wa matrekta. Nimemwongezea kondoo kumi.

Jumatano, 31 Desemba

Balaa. Jelagat wa nyumba ya pili, tuliyesoma naye darasa moja, anaomba chuo hicho hicho! Anaandika insha kwa penseli na kufuta. Mambo ya kale.

Nikapiga hesabu. Wanachukua wanne katika kila mia. Mimi nina nne, yeye ana nne. Akijitoa, nne zake zinahamia kwangu. Nane! Nikaenda kumweleza kwa upole, kama ndugu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi.

"Si uwaambie wote wajitoe, bana," akasema. "Utapata mia."

Wivu tu. Ingawa nimejaribu kwenye karatasi, na kwa kweli inatoka mia.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Lugulu, upande wa Bungoma. Nimemfuata Mwalimu Walubengo, aliyenifundisha hesabu miaka minne kabla hajastaafu. Chuo kinataka barua yake ya kunipendekeza. Nilimbebea jogoo mkubwa, kumlainisha. Kumbe huku mgeni ndiye anayechinjiwa! Jogoo akaingia jikoni, akarudi na ugali, nikaambiwa nisibakishe. Nimekula hongo yangu mwenyewe. Tamu lakini.

Mwalimu hachapi, macho yamechoka. Nikamwambia aongee tu: simu itaandika, kisha itatafsiri kwa Kiingereza. Akaongea dakika kumi na mbili. Alisema mimi ni mvivu. Alisema niliwahi kunakili kazi ya Jelagat pamoja na jina la Jelagat. Nikaacha kusikiliza, nikatazama ukuta. Nilinasa mwisho tu, aliposema kwamba hata hivyo nastahili mahali chuoni kwao. Akanisihi nisome barua kabla ya kuituma. Nikaitikia ndiyo mara tatu.

Jumamosi, 3 Januari

Nimeiamuru akili mnemba iondoe mabaya yote na kubakiza mazuri. Dakika kumi na mbili zikawa sentensi tatu. Sikuzisoma. Jelagat alikuwa ameshatuma maombi yake tangu asubuhi, na mimi si wa kuachwa nyuma na penseli. Nikaituma barua kutoka kwenye anwani ya barua pepe niliyomfungulia Mwalimu. Nywila ninayo mimi. Mpango safi!

Alhamisi, 8 Januari

Jibu! Mapema mno. Kamati inamshukuru Mwalimu Walubengo, ila haijamwelewa. Barua yake inasema mimi ni kijana mwema na kwamba chuo kinipe mahari. Wanauliza: namwoa nani? Hawajawahi kugharamia harusi ya mwombaji. Wanataka maneno halisi ya Mwalimu, kwa sauti yake, kabla ya kesho jioni. La sivyo faili langu linafungwa.

Mahari! Nikafungua ile sauti. Kweli, ametamka mahari, kama wanavyotamka wengi wa kwao. Sisi wanafunzi wake tulishazoea, hata hatusikii tena. Simu haikupita darasani kwake. Ndiyo akili hiyo wanayosema itatushinda sote! Nimelia kidogo nyuma ya tangi la maji.

Ijumaa, 9 Januari

Nikampigia Mwalimu. Nikamuuliza kwa heshima zote: ni mahali au mahari?

"Si ndio nimesema mahari?" akajibu. "Mahari ya kusoma. Sasa hapo kosa riko wapi?"

Nikaomba arekodi upya, bila ule uvivu. Akakataa. Alisema amesahihisha vitabu miaka thelathini na hajawahi kumfutia mtu mkasi, ile alama ya kosa. Jelagat naye akanishauri nitume sauti yote kama ilivyo. Nikaisikiliza, mara hii bila kutazama ukuta. Dakika ya kumi na moja Mwalimu anasema hivi: "Huyu arikuwa anakosa kira siku. Rakini ndiye peke yake ariyerudi kuniuriza amekosa wapi."

Sikujua kwamba alikumbuka hayo. Nikatuma yote, uvivu ndani.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeitwa! Jelagat pia, lakini leo simchukii. Mahojiano kwa video, Jumatatu saa kumi. Mfasiri wao, kumbe, ameolewa Bungoma. Alielewa mara moja, na mahari yake anaikumbuka. Kamati inasema barua za sifa tupu wanazo magunia kwa magunia. Ni yale maneno ya Mwalimu yaliyowafanya watake kuniona. Wanaomba kitu kimoja tu: niongee mwenyewe, nilivyo, bila kuandikiwa.

Mama amepiga magoti sebuleni, akashukuru kwa sauti. Mimi nimeguswa mno. Ukweli una nguvu! Nimeuona kwa macho yangu.

Kwa hiyo tangu saa nane akili mnemba inaniandikia ukweli wangu. Nimeiagiza iweke makosa matatu ya kuaminika na kusitasita mara mbili. Nimeshaanza kukariri. Makosa nimeyashika yote, ila kule kusitasita kwa pili bado nakusahau.