Maana ya Crescendo Nimeigundua Mwenyewe

Jumatatu, 6 Mei
Mwalimu wa kwaya katangaza kuwa atasafiri, na Jumamosi tunaimba kwenye harusi ya binti wa mkuu wa posta. Anatafuta mtu wa kuongoza badala yake. Sharti: ajue maana ya yale maneno ya Kiitaliano yaliyoandikwa juu ya nota. Nafasi yangu! Miaka yote naimba safu ya nyuma, mbele yangu fundi cherehani mrefu kama mlingoti. Mama mkwe huja kutusikiliza kila mara, na bado huuliza kama kweli mimi ni mwanakwaya. Jumamosi kaalikwa. Ataniona, apende asipende.

Dosari ndogo: sijui hata neno moja. Mke wangu, anayeimba sauti ya kwanza, kasema si umuulize mwalimu, baba watoto, kuuliza si ujinga. Nimuulize, ajue kwamba sijui? Thubutu!

Jumanne, 7 Mei
Mbinu imepatikana. Ya kisayansi. Neno likifika, namtazama mwalimu anafanya nini. Anachofanya ndiyo maana yake. Rahisi kama kumsukuma mlevi.

Matokeo ya leo. Dolce: kafumba macho. Crescendo: kasimama kwa ncha za vidole. Ritardando: kageuka kutazama mlango. Hili la mwisho limenitatiza kidogo. Lakini Waitaliano wana sababu zao.

Jumatano, 8 Mei
Kinyozi, mpinzani wangu, kamuuliza mwalimu mbele ya kadamnasi. Bila haya hata chembe! Mwalimu akaanza kumweleza neno baada ya neno. Nikatoka nje mbio, nikaziba masikio. Sitaki utafiti wangu uchafuliwe na maneno ya kuambiwa. Nilipochungulia dirishani, kinyozi alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Maskini.

Ijumaa, 10 Mei
Majaribio. Kaanza kinyozi. Hakusimama kwa ncha za vidole, hakufumba macho, mlango hakuugusa hata kwa jicho. Nikamwonea huruma. Ajabu, kwaya iliimba vizuri. Sielewi.

Zamu yangu. Nikapanda juu ya kasha la mbao. Dolce: nikafumba macho. Papo hapo crescendo: nikasimama kwa ncha za vidole, macho bado yamefumbwa, maana hakuna neno lililosema fumbua. Ritardando: nikageukia mlango. Kwaya nzima, nimeambiwa baadaye, ikageuka nami, ikidhani kaingia mgeni. Sauti ya kwanza wakanyamaza. Sauti ya nne wakaendelea peke yao, kama watu walioachwa na basi. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni.

Mwalimu akauliza kama nina kizunguzungu. Nikamfafanulia utafiti wangu. Akaketi. Akasema dolce ni kuimba kwa utamu, crescendo ni kuongeza sauti kidogo kidogo, ritardando ni kupunguza mwendo. Na vidole je? Vidole ni kwa sababu yeye ni mfupi. Na mlango? Mlangoni alikuwa kasimama mke wake, kafuata ufunguo wa nyumba. Fundi cherehani akasema kumbe shemeji naye kaandikwa kwenye nota! Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mke wangu akasema inuka, baba watoto, rudi nyuma.

Jumamosi, 11 Mei
Harusi. Kinyozi kaongoza. Makofi mpaka turubai likatikisika. Mama mkwe kaenda kumpa mkono, mikono yote miwili. Mimi kaniuliza kama nilichelewa.

Nimewaza jioni nzima. Kama crescendo ni kuongeza sauti, mbona kinyozi hakuinuka hata kidogo na sauti ikaongezeka? Hatimaye nimeling'amua kosa langu. Mbinu haikuwa na kasoro. Nilimtazama mtu asiyefaa! Kwa bahati, leo nimemkazia macho kinyozi. Kamba ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefunguka tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Ndiyo siri yenyewe.

Mwalimu akirudi naomba nafasi tena. Mimi nitafungua zote mbili.