Kasonia Aingia Chini ya Kamioni

Zimeni kwanza redio zenu zinazotangaza vita vya wakubwa, enyi watu wa Butembo, na ninyi wa Beni mnaoulizana kila asubuhi ni nani anayetawala leo. Tueni mizigo, funikeni vyungu, mkae. Vita vya wakubwa vina watangazaji wake, nao hulishwa vizuri. Vita vya Kasonia havina mtangazaji, na habari isiyotangazwa huliwa na panya. Sikieni basi habari za Kasonia, Simba wa Meza ya Viazi, Mlaani wa Magavana, mgane ambaye vifungo vya shati lake havina mshonaji. Jinsi alivyoshuka katika mavazi ya heshima kuizingira gereji, ili amwokoe mwanawe wa pekee kutoka katika utumwa wa mafuta machafu, na jinsi alivyotoka huko.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya pili, zama ambazo mtu alilala raia wa serikali moja akaamka raia wa nyingine bila hata kugeuza mto. Wakubwa walikuwa wengi kuliko barabara. Kila mkubwa alikuwa na mhuri wake, kila mhuri na kizuizi chake, na kila kizuizi na askari wake wa kumpokonya mama ndizi kwa jina la ukombozi. Kasonia, aliyeacha shule darasa la nne, aliwalaani wote kwa zamu, pasipo upendeleo. Aliwalaani akifungua meza yake sokoni, akawalaani akipanga viazi vya Lubero, akawalaani akifunga. Mvua ikinyesha, ni wao. Isiponyesha, wameiuza. Sauti yake ilivuka soko lote hadi kwa wauza makayabu, wale samaki wa chumvi, na katika magavana wote waliopita hakuna hata mmoja aliyepata kuisikia.

Huyo ndiye shujaa wetu, na mkuki wake ulikuwa mtoto. Alimpa jina Gamaliel, kwa ajili ya yule mwalimu wa torati katika Matendo ya Mitume, aliyeheshimiwa na watu wote. Maana tangu mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake, Kasonia alikwisha kumwona amevaa tai, ameshika sanduku la ngozi, anawakemea majaji. Basi Gamaliel alipopata diploma ya taifa ya kumaliza sekondari, baba alisimama kanisani baada ya matangazo, akapeleka jogoo mbele ili apigwe mnada kama ilivyo desturi ya shukrani, akanguruma: "Mwaka huu mwanangu anaingia chuo kikuu, kitivo cha sheria!" Akina mama wakapiga vigelegele. Shemasi mmoja akamnunua jogoo, akamchinja siku ile ile. Katika kanisa zima, mtu pekee ambaye hakuwa ameulizwa ni Gamaliel. Na shukrani ikishatolewa mbele za Bwana, ikanunuliwa, ikaliwa na ugali, ni nani atakayeirudisha?

Ikawa siku ya kuandikisha wanafunzi wapya, Kasonia yupo mezani pake amejaa fahari, mara akatokea dada yake mkubwa, Jokébed, aliyemlea Gamaliel tangu afiwe na mama. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi.

"Kasonia! Mutoto yako nimemuona."

"Ku université?"

"Ku gereji ya Vagheni. Chini ya kamioni. Miguu tu njo inaonekana."

"Yaya, miguu ya batu inafanana."

"Miye njo nilikuwa naosha ile miguu! Unataka kunifundisha miguu?"

Hapo Kasonia aliinuka, na viazi vikaviringika mezani kama vichwa vya adui. Akaenda nyumbani kujivika silaha. Akavaa koti jeusi ambalo alikuwa amelivaa mara mbili tu, harusini na mazikoni, kwa ajili ya mke yule yule, marehemu Adèle. Akafunga tai, nayo ikamkaba kama askari wa kizuizini. Akavaa viatu vilivyokuwa vimepungua kwa kukaa, au miguu ilikuwa imekua kwa huzuni. Kisha akatoka, Jokébed nyuma yake, na nyuma ya Jokébed wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wauza maandazi na wote ambao siku ile hawakuwa na kazi, yaani mji mzima. Maana Butembo mtu akivaa koti siku ya kazi, watu hufuata wakajue ni nani amekufa.

Wakaifikia gereji. Tazameni! Kamioni ilikuwa imesimama uani, jitu la chuma, pua imeelekea Beni, mgongoni limebeba magunia, na juu ya magunia abiria wa kwenda hadi Eringeti, wakisubiri kuufuata msafara utakaoondoka adhuhuri. Atakayeukosa msafara asithubutu kuipita barabara ile peke yake. Kilichomo vichakani hakuna asiyekijua. Na chini ya tumbo la jitu ilijitokeza miguu ya watu wawili. Mmoja alivaa buti za mpira, mpya. Mwingine alivaa kandambili za tairi, visigino vimepasuka kama shamba la kiangazi, na suruali yake ilikuwa kiraka juu ya kiraka.

Kasonia akasimama mbele ya miguu hiyo, akaisomea hotuba.

"Enyi miguu! Niliwanunulia viatu vya kwendea shule, navyo mmevitupa! Niliwatuma kwenye ngazi za chuo kikuu, nanyi mnalala matopeni! Basi leo nitawavuta, na mtatembea mbele yangu hadi ofisi ya maandikisho!"

Akapima kwa akili: mwana mpotevu hawezi kuvaa buti mpya. Akazikamata kandambili.

"Hapana ile!" Jokébed akapiga kelele. "Ile ingine!"

Lakini Kasonia, kama majemadari wote wa zama zile, alidhani kelele za watu ni za kumsifu. Akavuta. Chini ya gari kukasikika mlio wa chuma kuangukia chuma, kisha ukelele, kisha akatokea kwa mgongo mzee mwenye ndevu za mafuta, ameshika kiganja kimoja kwa kingine.

"Weye ni nani, unavuta mutu kama mbuzi ya Noeli?"

"Nyamaza, mulevi!" Kasonia akamjibu. "Njo weye ulimuharibu mutoto yangu? Patron yako iko wapi? Niitie patron!"

Hata abiria juu ya magunia waliacha kutafuna.

"Kasonia," Jokébed akanong'ona, "ni yeye patron. Ni Vagheni."

Ni kweli, ndiye mwenye gereji. Vagheni huyo amefika Dubai mara nyingi kuliko Kasonia alivyofika Beni, na makamioni yake hupishana njiani yasijuane. Lakini ninyi mnawajua matajiri wa Butembo: kadiri ghala linavyojaa ndivyo suruali inavyochakaa, na mtu mwenye kung'aa sana huku kwetu ama ni mgeni ama ana madeni. Kasonia, mzaliwa wa mji huu, alilijua hilo tangu utoto, na siku ile koti lilimsahaulisha.

"Papa ya cravate," Vagheni akasema bila hasira, akijaribu kukunja vidole, "mukono yangu haikamate tena. Miye njo nilikuwa nashikilia. Sasa ingia weye."

"Miye?"

"Weye njo ulinitosha mule chini, si vile? Fasi yangu iko wazi."

Na kutoka chini ya gari ikaja sauti ya Gamaliel, imebanwa. "Papa? Kardani iko juu ya kifua yangu."

Kardani ni ile nguzo ya chuma inayopeleka nguvu za moteri kwenye magurudumu ya nyuma, na haina huruma. Mwanamke mmoja juu ya magunia akainama na mtoto wake mgongoni. "Ee Papa, utaingia ao hautaingia? Convoi itatuacha!"

Basi Kasonia akainama. Akapiga goti moja, akapiga la pili. Koti likapasuka mgongoni kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Naye akaingia kwa tumbo katika giza lile, kama Yona, ila Yona hakuwa na tai ya kunasa kwenye misumari.

"Gamaliel."

"Papa. Inua hapa. Pole pole. Eeh, vile vile."

Kasonia akainua, na kifua cha mwanawe kikapata pumzi.

"Sasa toka, tuende. Jogoo ilishaliwa."

"Najua. Kamata kwanza hii klé."

"Sikukuja kukamata klé!"

"Papa, kamata. Bulon inazunguka yote pamoja. Mumoja anashika huku, mumoja anakaza kule."

Akaikamata ile spana. Wakalala chali wawili, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakilala kitanda kimoja tangu Adèle atoke nyumbani mle.

"Juu ya nini unanifanyia hivi?" Kasonia akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya sokoni. "Bale bakubwa banatukula juu banajua sheria. Nilitaka na miye nikuwe na mutu yangu mule ndani."

"Unataka nikuwe mukubwa?"

"Ndiyo!"

"Halafu kila asubui unanilaani pamoja na bale bengine?"

Mlaani wa Magavana akafungua kinywa. Tone la mafuta meusi, lililokuwa likingoja nafasi hiyo, likaanguka ndani. Akatema, na jibu likatoka pamoja na mate.

"Papa, ile siku kule chini ya mulima ya Alimbongo..."

"Usiseme ile."

"Ni kardani njo ilikatika. Tulibakia mu matope, Mama iko juu ya magunia, anaungua na homa. Weye ulisimama mu barabara, ukatukana gouvernement tangu asubui mpaka jua kuzama. Ulisema bien, Papa. Yote ulisema ilikuwa kweli. Mais gari haikusikia."

Hapa ngoma na inyamaze kidogo. Juu ya vichwa vyao abiria walikuwa wakigombana kwa ajili ya nafasi ya kukaa.

"Ni bale bakubwa bamemuua," Kasonia akasema. "Barabara ni yao."

"Ni bale. Sibishi. Lakini tukiwa tunangojea bale batubu, nani atafikisha batu?"

Kasonia alilitazama lile tumbo la chuma, mabomba yake na matope yake makavu, kwa muda mrefu kuliko alivyopata kuitazama barua yoyote ya serikali. Kisha akasema neno ambalo wanahistoria wa vita wamelikosa:

"Hii kitu, inazungushwa upande gani?"

"Weye usizungushe. Shika tu. Miye njo nitazungusha."

Vita vikaanza. Bulon ya kwanza kati ya zile bolti nene ilijisalimisha bila shida. Nyingine zikafuata, zikilia. Lakini ya mwisho, iliyojificha nyuma kama waziri, iligoma. Ikauma klé, ikaitupa, ikamchubua Kasonia vidole. Akaishika tena. Jasho likaingia machoni, tai ikajaa grisi, naye hakuachia. Gamaliel akavuta, akavuta tena, mishipa ya shingo imesimama, hata sauti ya "krak" ikasikika.

"Imekamata," akasema Gamaliel.

"Imekamata?"

"Imekamata, Papa."

Ndipo Kasonia akatoka chini, mweusi usoni, koti limekuwa vipande viwili, na umma ukapiga makofi bila kujua sababu. Jokébed akaziba mdomo. "Kasonia! Koti ya harusi! Na kanisani tutasema nini, juu ya ile avocat ya sheria?"

Kasonia akamtazama mwanawe aliyekuwa akipandisha sanduku la vyuma vya kazi kamionini ili aende na gari safari ile.

"Tutasema ana kazi," akasema.

Moteri ikanguruma, gari likatetemeka, likatoka uani, likapanda kuukimbilia msafara. Kasonia akabaki amesimama mpaka vumbi lilipotua.

Siku ile ile, jemadari mmoja aliuteka mji, akaupoteza kabla ya juma kwisha, na jina lake limetangazwa katika redio tatu. Basi ninyi litangazeni hili: keshoye dereva aliyetoka Beni alipita sokoni akipaza sauti dirishani, "Kasonia! Ile kamioni ilifika Beni! Batu bote bazima!" Naye Simba wa Meza ya Viazi, aliyekuwa katikati ya laana kubwa kwa gavana mpya, akaiacha nusu. Akaketi juu ya gunia, akafunika uso kwa viganja ambavyo sabuni ilikuwa imeshindwa kuvitakasa, na wateja wakangoja. Ilifika. Huku Butembo, katika mwaka wa tatu wa vita, bulon moja ilishikwa na Kasonia, nayo haikulegea mpaka Beni.

Kisha akainuka, akapangusa macho, akaimalizia laana yake. Maana gavana yule aliistahili.