Vita vya Herufi Kubwa katika Zahanati ya Bweni

Enyi mliolazwa, na enyi mliokuja kuwatazama waliolazwa! Mwenye kidonge mdomoni akimeze, mwenye kikohozi akizuie, maana nawaletea habari za vita vilivyotikisa zahanati hii kutoka sakafuni hadi darini, vita vilivyowatoa majemadari wakuu vyumbani mwao, vita ambavyo wajukuu wenu watawaulizia nanyi mtadanganya kwamba mlikuwepo. Silaha ilikuwa chaki. Uwanja wa mapambano ni huo ubao mnaouona hapo ukutani, mkabala na mlango. Na kilichogombewa, jamani, ni ukubwa wa herufi.

Shujaa wa vita hivyo alikuwa kiranja wa zahanati, binti wa fundi cherehani, mwembamba kama sindano ya babake. Tulimwita Dasta, kwa kuwa kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kufuta ubao kila asubuhi. Dasta mfuta-magonjwa! Dasta ambaye malaria iliyoangusha majabali hugeuka vumbi jeupe mbele ya mkono wake, na pumu humpisha njia!

Sasa ijueni sheria ya nchi ile. Nesi alikuwa na desturi yake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza aliitoa wapi. Kila aliyeugua aliandikwa ubaoni, jina lake na ugonjwa wake. Ugonjwa ukianza kwa herufi kubwa, mwenyewe alale, aletewe chai. Ukianza kwa herufi ndogo, ameze dawa arudi darasani. Ilikuwa desturi yenye hekima, maana Matroni, mlinzi wa mabweni, miwani yake ilikanyagwa na ng'ombe na hakununua nyingine. Akisimama mlangoni, herufi kubwa aliiona, ndogo hakuiona. Na mgonjwa asiyemwona, alimtoa mbio za asubuhi.

Siku ile ubao ulikuwa na Malaria. Ulikuwa na Pumu. Ulikuwa pia na Mafua, ya msichana mmoja wa kitanda cha dirishani, mwenye akili nyingi na sura ya kupendeza, ambaye habari zake si lazima tuzichimbe. Na chini kabisa, kwa S kubwa kama ndoana ya kuvulia papa, palikuwa na Sonona.

Hiyo Sonona ilikuwa ya Kinanda, aliyelala bwenini kitanda cha chini ya kile cha Dasta. Tulimwita Kinanda kwa sababu aliimba akifua, aliimba akipiga mswaki, aliimba hata kwenye mtihani mpaka akatolewa nje. Kisha akanyamaza. Nesi akampeleka kwa daktari, wakarudi na jina la ule ugonjwa wa moyo kuzama, unaofanya kuvaa soksi kuwe kazi ya kupanda mlima. Daktari alisema apumzike, anywe dawa, asisukumwe.

Basi akaingia Mwalimu wa Lugha, simba wa sarufi, mwenye jino linalouma, akitafuta dawa. Macho yake yakaangukia ubao, yakatua kwenye Mafua. Jino likasahaulika.

"Mafua!" akanguruma. "Tangu lini mafua yakawa na cheo? Herufi kubwa ni ya mtu, ya mji, na ya mwanzo wa sentensi. Huyu Malaria ni mtoto wa nani? Ugonjwa uliobeba jina la daktari aliyeugundua, hapo nitaivulia kofia herufi ya daktari. Hawa wengine wote, chini!"

Akalitwaa dasta, dasta lenyewe la Dasta, akafuta, akaandika upya. Magonjwa yote yakanyenyekea kwa herufi ndogo zilizopangwa kama watoto wa chekechea.

Kesho yake kulipopambazuka, Matroni akasimama mlangoni, akakodoa, asione kitu. "Afya tele!" akatangaza kwa furaha. "Wote nje, mbio!"

Loo! Malaria akatoka na blanketi. Pumu akatoka akiwa ameshika pumzi zote alizonazo. Yule wa kitanda cha dirishani alitoka kwa heshima. Kinanda akabaki ameketi na kiatu kimoja mguuni, akikitazama cha pili kama kitu cha watu wengine. Hakulia. Dasta alimwona, na hilo la kutolia ndilo lililomchoma.

"Matroni," akanena, akijitandaza mlangoni kwa wembamba wake wote, "kabla hujamtoa huyu, utanipita mimi!"

"Mwanangu, kukupita wewe ni kugeuka ubavu tu."

"Basi naomba baraza!"

Baraza likaketi. Nesi akaja na kanga begani, Mwalimu na shavu lililovimba.

"Mwalimu," Nesi akaanza, "mimi hapa siandiki insha. Naandika mtu aonekane. Nikiandika sonona ndogo, watasema huyu anadeka. Nikiipa herufi kubwa, wanajua ni ugonjwa kama malaria."

"Nesi dadangu, mafua umeyakuza ili nani aonekane?"

"Mafua? Mimi sijawahi…"

"Ugonjwa ukipewa herufi kubwa leo," Mwalimu akamkata, "kesho utadai kiti! Sitaki watoto wauheshimu. Wauone mdogo, waushinde."

Wakarushiana maneno mpaka glasi ya kipimajoto ikatetema. Ndipo Dasta akafanya jambo ambalo majemadari wote walikuwa wamelisahau. Alimgeukia mgonjwa.

"Shoga, wewe unasemaje?"

Kinanda akautazama ubao. "Iandikwe ndogo."

"Ndogo, mwanangu?" Nesi akashika kifua. "Na mimi nilikuwa nakutetea!"

"Najua, Nesi. Lakini kila nikiingia hapa naiona imenizidi kimo. Jina langu ndilo mliandike kubwa. Yenyewe iwe ndogo." Akavuta pumzi. "Ila kitanda nakitaka."

Mwalimu mwenyewe alilikuna shavu lake. Hapo Dasta akaichomoa chaki kama upanga, akauendea ubao, na mbele ya lile neno dogo akachora kitanda. Godoro, mto, miguu minne. Matroni akarudi nyuma hadi mlangoni kupima.

"Naona," akasema, "naona mbuzi."

Mioyo ikasimama.

"Sasa mwenye mbuzi anafanywaje?"

"Analala, Matroni!" tukapiga kelele sote.

"Basi mwenye mbuzi akalale, nani amemzuia?"

Vigelegele! Kinanda akavuliwa kile kiatu kimoja, akalala hadi saa sita mchana. Alipoamka akaonja chai, akasema haina sukari. Lilikuwa lalamiko lake la kwanza mwezi ule, na Dasta alikimbia na kopo la sukari kana kwamba ameitwa ikulu. Tangu siku ile magonjwa yote humu huanza kwa herufi ndogo, na aliyezidiwa huchorewa mbuzi. Hiyo ndiyo historia, na hapo ndipo…

Nani ameuliza? Wewe, mwenye bandeji? Eti ile M ya mafua nani aliikuza? Mambo ya kale hayo, ndugu yangu, wenye kujua hawajakubaliana. Mbona mnatazama nyuma yangu?

Shikamoo, Nesi. Umesimama hapo tangu lini?

Tangu nilipotaja kitanda cha dirishani? Aa. Basi nimeelewa.

Ni mimi, Nesi. Niliikuza kwa chaki yako ulipokwenda kuchemsha sindano. Ilikuwa zamu yangu ya kupiga deki, na mafua yalikuwa ya kweli kiasi fulani. Sikujua ningewatoa wagonjwa vitandani, na Kinanda nimemwomba radhi. Hata leo sijaja kwa hila, koo linawasha, sikiliza: khoo! Nakuomba mbuzi mmoja tu mbele ya jina langu, hata mdogo, hata mtoto wa mbuzi.

Asante, Nesi. Jamani, anachora! Mnamwona? Anachora… Nesi, mbuzi hana mshikio. Mbuzi hamwagi maji.

Hiyo ni ndoo ya deki. Na ameichora vizuri kuliko Dasta.