Dole Gumba la Mkuu wa Tawi

Wakala wa Mwendo wa Mifugo ulikuwa na furaha kuutangazia umma kwamba uvivu umefutwa rasmi kuanzia Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Ndivyo alivyosoma Bwana Donatus, Mkuu wa Tawi la Ushirombo, mbele ya watumishi wake kumi na mmoja, huku akiipangusa mashine mpya ya alama za vidole kwa leso yake mwenyewe. Mashine ingemtambua mtumishi, ingempangia kazi na kupandisha tija kwa asilimia mia tatu. Asiyetambuliwa siku kumi na nne mfululizo angehesabika mtoro, na ajira yake ingekoma yenyewe bila kumsumbua mtu kuandika barua.

Scolastika alipiga makofi kuliko wote. Miaka kumi na tisa alikuwa akigonga mihuri kwenye vibali vya ng'ombe wa mnada wa Kahama, na utoro hakuujua. Akaweka dole gumba. Mashine ikawaza, kisha ikasema kwa sauti ya dada wa mjini: "Hayupo."

Akajifuta kwenye kitenge, akarudia. "Hayupo."

Wenzake kumi nao hawakuwepo. Msimu wa mvua, wilaya nzima ya Bukombe huanzia shambani alfajiri, awe mtumishi asiwe mtumishi, ndipo mtu aoge aende kazini. Vidole vyao vilishaliwa na mpini wa jembe, havina mstari hata wa dawa. Bwana Donatus, ambaye hata mlango wa gari hufunguliwa, alitambuliwa mara moja.

"Lakini mkuu, si unaniona hapa?" akauliza Scolastika.

"Binafsi nakuona, Mama Vumilia. Kiofisi sikuoni. Mfumo hauongopi."

"Basi irudishwe ikatengenezwe."

Bwana Donatus akafungua mwongozo. "Kifungu cha tisa. Mashine isipomtambua mtumishi hata mmoja, ni mbovu, daftari la mahudhurio lirejeshwe. Ikimtambua hata mmoja, ni nzima. Imenitambua mimi. Ni nzima."

Scolastika akazihesabu zile siku kumi na nne. Mwanawe Vumilia alikuwa kidato cha tatu, na baba yake alishatangulia mbele za haki. Halafu hofu ikageuka hasira, na kwa hasira akaamua kutii. Mtu asiyekuwepo hagongi muhuri. Akaenda kukaa kwenye benchi la nje, wenzake wakamfuata.

Mfugaji mmoja, Mzee Bujiku, akafika na ng'ombe arobaini na watatu wa mnadani.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Ila usinisalimie sana, mimi sipo."

"Mh! Umefariki lini?"

Mfumo ulikuwa umeshagawa kazi kwa waliopo. Kuhesabu ng'ombe: Donatus. Kukagua vinywa: Donatus. Kugonga mihuri, kufagia zizi: Donatus, Donatus. Mkuu akaingia zizini na tai yake. Akahesabu arobaini na mmoja, akarudia, wakawa arobaini na sita. Fahali mmoja akambana ukutani.

"Mama Vumilia! Njoo unisaidie!"

"Ningekuja, mkuu. Sipo."

Siku hiyo vilitoka vibali vinne. Wiki ya pili foleni ya ng'ombe ilikuwa imefika kanisani, na padri alikuwa akihubiri kwa kupokezana nao. Bwana Donatus akaomba likizo. Mfumo ukamjibu kwamba mtumishi pekee wa tawi haruhusiwi kupumzika, ukamtumia na cheti cha pongezi.

Siku ya kumi, alfajiri, Scolastika alimkuta amesimama kwenye karanga zake, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo, mama," akasema mkuu, ingawa alimzidi umri. "Nipe jembe."

Alipewa upande wenye udongo wa mfinyanzi. Alilima siku tatu, akatoka malengelenge, yakapasuka, akalima juu yake. Siku ya kumi na tatu akalibandika dole gumba kwenye mashine, ofisi nzima ikiwa imemzunguka.

"Hayupo."

Wakamrusha juu kama bwana harusi. Daftari likarejeshwa, Scolastika akatia sahihi wa kwanza huku akilia waziwazi. Kabla ya saa sita mchana vibali mia moja na sitini vilikuwa vimetoka, na padri akapata nafasi yake.

Wiki iliyofuata barua ikatoka makao makuu, na Bwana Donatus akamwomba Scolastika amsomee, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado na bandeji. Wataalamu walikuwa wamechambua takwimu kwa kina. Wamebaini kwamba tija ya tawi ilipanda mara arobaini siku ileile Mkuu wa Tawi alipoanza utoro. Kwa manufaa ya umma, wanamwelekeza aendelee na utoro huo, moja kwa moja.