Bunduki ya Jaglika Iliyonuka Nyama

Kamenjača, juu ya Nikšić
Machi 9, 1986

Kwa Ndugu Mhariri,
Jarida la Silaha za Kale,
Belgrade.

Ndugu Mhariri uliye mbali,

Pokea salamu kutoka mlimani kwetu, ambako theluji bado imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi ni Milunka, mke wa Radoš Jokanović. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta kosa la mwandiko ujue ni langu, na ukikuta doa la maziwa ujue ni la binti yangu Jaglika, mwenye miezi tisa, aliyekaa mapajani mwangu akiamini kalamu ni chakula.

Nakuandikia kwa heshima zote ili nilalamike. Katika toleo lenu la Januari mlichapa makala ya vidokezo vya kumsaidia mkusanyaji anayeanza kuitambua bunduki halisi ya kijeshi. Mkusanyaji anayeanza nilikuwa mimi. Nilivifuata vidokezo vyote. Matokeo yake, baba mkwe wangu, mzee Blagota, leo ni siku ya nne anaishi zizini na kondoo.

Nikueleze kwanza nilitaka nini. Ukutani kwetu, juu ya meza ya chakula, kulikuwa na bunduki ambayo marehemu Novica, babu yake baba mkwe, alianguka nayo vitani siku ya Krismasi, mwaka 1916. Mtoto akizaliwa nyumba hii, baba mkwe humnyanyua mbele ya bunduki hiyo na kulitamka jina lake mara tatu. Hapo ndipo mtoto anahesabiwa kuwa wetu. Mtoto wa kiume wa shemeji yangu Drago alinyanyuliwa akiwa na siku nane, na risasi saba zikapigwa hewani mpaka ng'ombe wa jirani akakata maziwa. Alipozaliwa Jaglika wangu, baba mkwe alitoka nje kupasua kuni. Alipasua kuni za miaka miwili. "Binti ni chakula cha jioni cha nyumba nyingine," alisema, na shoka likaendelea.

Basi nikawaza kwa akili yangu ya darasa la nne: kama kinachokosekana ni bunduki, nimtafutie mwanangu ya kwake. Iwe ya kweli, ya zamani, ya kutundikwa tu, ili mzee asiwe na kisingizio. Na jarida lenu lilikuwa hapo hapo, maana baba mkwe hulipokea kila mwezi, akatazama picha, kisha akaliweka chini ya jibini.

Malalamiko yangu ni haya.

La kwanza. Mliandika kwamba mkusanyaji mwerevu huanza kwa kuwauliza wazee wa mahali pake kabla ya kwenda sokoni. Nikauliza nyumba ya kwanza, nikauliza ya pili. Kufika ya tatu nikakuta habari imenitangulia: Milunka anatafuta bunduki ya kumpigia baba mkwe. Shemeji Drago alinisubiri njiani akicheka. "Shemeji, siku ukimlenga mzee uniambie mapema, nisije nikawa nimekaa karibu naye." Nikamjibu, "Wewe kaa tu. Bunduki za zamani hazilengi vizuri, huenda tukapata bahati." Jibu hilo lilinifurahisha mimi peke yangu, na kijiji kizima kikalichukua kama ushahidi.

La pili. Mkaandika: zoeza jicho lako kwa bunduki ambayo uhalisi wake hauna shaka, ifute kwa kitambaa laini na tone la mafuta, msasa usiuguse kamwe. Baba mkwe alipokwenda kusaga mahindi, nikaiteremsha ile ya ukutani. Kitambaa laini nilichonacho mimi ni nepi. Nikafuta masizi ya miaka hamsini, taratibu, kama mnavyoagiza. Ukatokea muhuri wa Ufalme wa Yugoslavia, na pembeni yake maandishi: toleo la mwaka 1924.

Nikahesabu kwa vidole vyangu, nikaazima na vya Jaglika. Mtu aliyekufa mwaka 1916 hawezi kuanguka na bunduki ya 1924. Na huo ufalme wenyewe, hata mimi wa darasa la nne najua, Novica alikuwa kaburini miaka mingi kabla haujapewa jina hilo. Nikashikwa na hofu. Nikachota masizi jikoni, nikayapaka upya kwa kidole, nikairudisha msumarini. Ndugu Mhariri, mmeeleza jinsi ya kujua, lakini hamkuandika hata mstari mmoja wa kumsaidia mtu aliyejua asichotaka kujua. Hivi sasa mimi ni mghushi wa kwanza wa kike katika ukoo huu, na kwa bahati mbaya nina kipaji.

La tatu. Mkasema silaha nzuri hukaa mahali ambapo hakuna anayetazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Nilikwenda tu kwa bibi Petruša, shangazi yake baba mkwe, bintiye huyo huyo marehemu Novica, aliyeolewa bonde la pili. Nilitaka kulia kidogo kwa mtu asiye wa kijijini kwetu. Akanipeleka kwenye kibanda chake cha kukaushia kwa moshi anikatie nyama. Mapaja ya nguruwe yalikuwa yamening'inizwa kwenye mti mmoja mrefu, mweusi, unaong'aa mafuta. Nikautazama mti. Mti ulikuwa na mahali pa kuweka kidole cha kufyatulia.

"Bibi," nikasema, "nyama yako imening'inia kwenye bunduki."

"Ulitaka ining'inie kwenye nini, mwanangu? Kwenye mawingu?"

Kisha akanieleza, huku akikata nyama bila kuinua macho. "Hiyo ni ya baba. Waaustria walipotushinda wakaja kukusanya silaha, mama aliitundika hapa akaijazia mapaja. Wakabeba nyama yote, mti wakauacha. Nilipoolewa akanipa mimi. Akasema, kaka yako ataizungusha kwenye harusi za watu mpaka ipotee, wewe itunze."

"Na ile ya ukutani kwetu?"

"Ile kaka aliinunua mwaka aliozaliwa Blagota. Ukuta mtupu ni aibu."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Nani aliniuliza? Zaidi ya miaka hamsini naja kwenu kila sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, na mlangoni naulizwa kama nimeleta nyama."

Tukaiteremsha, tukaifuta. Kiwanda cha mfalme wa Urusi, mwaka 1894, aina ile ile mliyoandika kwamba wapiganaji wetu waliibeba katika vita vile. Nambari ileile mahali pane, kuanzia mtutuni mpaka bamba la kitako. Haina hata chembe ya kutu. Mmeandika ukurasa mzima juu ya mafuta ya kuhifadhia chuma, lakini nguruwe hamkumtaja hata mara moja. Hilo nalo lihesabiwe kuwa lalamiko, ingawa dogo. Bibi Petruša akanipa bunduki pamoja na paja zima. Akasema, "Mpelekee huyo mdogo. Angalau yeye ameuliza." Jaglika alikuwa amelala mgongoni kwangu, lakini sikumsahihisha.

La nne. Mliagiza silaha isafirishwe ikiwa tupu, imefunikwa, na ifike polisi kabla ya kufika nyumbani. Nilitii. Nikachomoa bolti, kile chuma cha kusukumia risasi, nikaitia kwenye mfuko wa nepi, bunduki nikaizungushia blanketi la mtoto, nikatembea mpaka kituoni, Jaglika mgongoni, bunduki mikononi. Askari wa zamu alifunua blanketi, akanusa, akaniangalia. "Dada, huyu mtoto wako wa pili amekaushwa muda gani?" Akawaita wenzake watatu waje wanuse. Karatasi ya kibali walinipa, lakini tangu siku hiyo nikipita mbele ya kituo wanauliza kama nina mkate.

La tano, na hili ndilo limeniua. Mliandika: usijiamini peke yako, tafuta jicho la pili. Jumatano, tulipomaliza kula, niliiweka mezani mbele ya baba mkwe nikasema, "Baba, hii ni ya Jaglika." Yeye hakumtazama Jaglika. Alivaa miwani, akalivuta jarida lenu kutoka chini ya jibini, akaanza kuikagua kidokezo kwa kidokezo, mume wangu akijibu kama kanisani.

"Nambari?"

"Zinalingana, baba."

"Mbao imepigwa msasa?"

"Haijapigwa."

Akanusa. Akanusa tena. "Nguruwe," akasema, "lakini nguruwe wa zamani." Nilidhani nimeshinda. Akavua miwani, uso umemchangamka. "Ni halisi, mkwe wangu. Umepata kitu. Sasa leteni yangu, uone halisi iliyo halisi."

Nikasema imelala, tusiisumbue. Shemeji Drago akaiteremsha. Mzee akapitisha kidole gumba, kidole kikarudi cheusi. "Masizi haya ni mapya," akasema. Akafuta. Akasoma. Akasoma tena, kwa sauti, kama mtu anayesoma telegramu ya msiba.

Drago akajaribu kusaidia. "Labda babu alikufa polepole."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Jaglika, ambaye hucheka kila kitu. Mzee akaniuliza hii yangu imetoka wapi. Nikamwambia yote, pamoja na mlango na nyama ya kila mwaka. Akachukua koti lake, akaenda zizini. Chakula tunampelekea, anawapa kondoo.

Ndugu Mhariri, Jumapili ijayo mwanangu anabatizwa. Padri atakuja, wageni watakuja, na ukuta uko mtupu. Nilitaka mtoto wangu anyanyuliwe na babu yake, basi. Badala yake nimemnyang'anya mzee babu yake mwenyewe, kwa nepi na tone la mafuta. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani ni mengi.

Mosi, toleo lijalo mchapishe kwamba mwaka ulioandikwa kwenye bunduki ni makadirio tu, kama umri wa mwanamke. Pili, kama hilo halitoshi, jarida lenu lina wasomaji wakubwa wakubwa. Waombeni wanaohusika waurudishe nyuma ule Ufalme wa Yugoslavia uanze mwaka 1915, ukichelewa sana. Sisi huku hatutamwambia mtu. Tatu, kama wakubwa wana kazi nyingi, uje wewe mwenyewe zizini umwambie mzee kwamba ulikosea kila kitu. Uje na viatu virefu, na usimpe mgongo dume la kondoo. Nne, na hili ni la lazima: msituletee tena jarida lenu. Nyumba hii imeishi na uongo wake kwa amani zaidi ya miaka hamsini, na sasa tunaishi na ukweli, na ukweli hauli chakula.

Msalimie mkeo, wasalimie wapiga chapa, na huyo aliyeandika vidokezo mwambie mimi sina kinyongo naye, ila asipite huku. Radoš anawasalimu. Drago anawasalimu, ingawa hakuombwa.

Ni mimi, mkusanyaji wenu aliyeanza na ambaye angependa kuacha,
Milunka Jokanović

Nyongeza: Usichapishe chochote, Ndugu Mhariri. Nilikuwa nikitafuta bahasha mlango ukafunguliwa, akaingia baba mkwe, ananuka kondoo, mkono mmoja amemshika bibi Petruša. Kumbe alikwenda kumleta kwa miguu, bonde zima, kwenye theluji. Amemkalisha kwenye kiti chake yeye, kile cha kichwani mwa meza, na mlangoni hakumuuliza nyama. Kisha akamchukua Jaglika mapajani mwangu, akamnyanyua mbele ya ile bunduki iliyolala mezani, akasema, "Jaglika! Jaglika! Jaglika!" mpaka mbwa wakabweka. Jumapili haikungojewa. Jaglika amemvuta ndevu na kulia, maana hamjui sana, na mzee amelia pia, anasema ni moshi.

Sasa amesimama nyuma yangu ananiambia cha kuandika. Anasema vidokezo vyenu ni vizuri ila mmesahau cha kwanza: anayetafuta bunduki ya kweli ya ukoo, akaulize kwa mabinti walioolewa. Na jarida msithubutu kutukatia. Ila jina la mpokeaji mlibadilishe, lisiwe tena Blagota. Niliandike kwa herufi kubwa msije mkakosea: JAGLIKA JOKANOVIĆ, KAMENJAČA. Yeye bado hajui kusoma, lakini la Januari ameshalitafuna hadi ukurasa wa sita.