Muswada wa Makazi na Kifungu Changu

Jumanne, 1 Julai
Bunge la kaunti limeusoma muswada wa makazi kwa mara ya kwanza. Kila mkazi wa Garissa asiye na nyumba atajengewa. Mimi nina nyumba ya mawe. Dosari ndogo! Nimemwita shemeji yangu Ogle, ambaye kibanda chake kilisombwa na mafuriko ya Tana, nikamkabidhi nyumba mbele ya wazee. Nikishajengewa ya serikali, atatoka, nami nitakuwa na mbili. Mimi na mke wangu Ardo tumehamia uani, katika aqal, kibanda chetu cha miti na mikeka. Ogle amelia. Wazee wameniombea dua. Ardo ameniuliza kama nina malaria.

Alhamisi, 10 Julai
Kikao cha maoni ya wananchi. Nimemweleza Bi. Mwende, karani wa kamati, kwamba nalala kibandani. Jirani yangu Bishar, hasidi, akapaza sauti: aqal ni mali ya mwanamke aliyeijenga, Korane huyu hana hata kamba yake! Ukumbi ukacheka. Nikamshukuru. Kumbe sina hata kibanda! Kwa furaha nikapendekeza kifungu cha kutulinda sisi wageni wa watu: aliyepewa hifadhi asitolewe mpaka apate nyumba nyingine. Makofi! Mwende ameandika kila neno.

Jumatano, 23 Julai
Muswada umesomwa mara ya tatu. Umepita, pamoja na kifungu changu. Bishar ananiita Mheshimiwa Kifungu. Wivu. Ardo naye amesema kwamba, kwa kuwa nimekiri mbele ya kaunti nzima kuwa aqal ni yake, nikalale na mbuzi; Gavana hajatia sahihi, kwa hiyo kifungu bado hakinilindi.

Alhamisi, 7 Agosti
Gavana ametia sahihi. Sheria! Maafisa wamefika. Nimewaonyesha mkeka wangu zizini. Wakauliza nyumba ya mawe ni ya nani. Hati ina jina langu, basi sistahili. Nikamwamuru Ogle atoke. Akajibu kwa adabu, akinywa chai kitini mwangu: "Shemeji, kifungu ni chako." Hatolewi mpaka ajengewe. Maafisa wakaongeza kwamba hajengewi, maana ana pa kulala. Nikawaomba warudie. Wakarudia.

Jumamosi, 16 Agosti
Mbuzi wameutafuna mkeka. Si neno. Sokoni nimesikia habari za muswada mpya: wasio na mifugo watagawiwa ngamia. Ngamia! Kesho, baada ya swala ya alfajiri, nitamkabidhi Bishar mbuzi wangu wote. Kifungu ninacho tayari.