Oili Nzito ya Mama Fundi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Binti yangu anafungua duka la oili za magari! La kwake mwenyewe! Jina lake liko juu ya mlango kwa rangi nyekundu, rangi bado mbichi, nimeigusa ikanipaka kidole na sinawi ng'o. Haya, salamu sasa. Mimi mzima, baba yao mzima. Gari letu Kikohozi tu ndiye mgonjwa, injini inakohoa mchana kutwa.

Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini nimezaa fundi mwenye cheti cha injini na giaboksi. Sijisifu. Nimemwambia kinyozi tu, na muuza vocha, na mama mmoja aliyekuwa akipita na haraka zake.

Ufunguzi ni Jumapili. Kabla ya hapo mwalimu wa udereva atapita kukagua. Akiridhika, magari yake yote ya kufundishia yatahudumiwa kwa binti yangu. Asiporidhika, duka halitamaliza mwezi, na mwanangu atarudi kwenye gereji ya yule mzee aliyekuwa akimwita "wee msichana". Mimi nikiwa hai? Thubutu!

Wifi yangu kauliza nani atanunua oili kwa msichana. Tazama anayesema! Gari lake likibadili gia linaruka kama limefinywa.

Jumanne, tarehe 5

Nimepata wazo! Duka linahitaji ushahidi. Kikohozi akiacha kukohoa, mtaa mzima utapiga foleni.

Nikamwuliza binti yangu oili bora ni ipi. Akasema ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kipimo chake, basi. Na hizi chupa za dawa za kuongezea? Akasema nyingi ni maneno matupu, na nyingine zinaficha ugonjwa badala ya kuutibu. Maskini mwanangu. Cheti anacho, mapishi hayajui. Uji mwepesi ulimshibisha mtoto gani?

Nimekwenda kwa mchuuzi wa kona. Nimenunua oili nzito kuliko zote, ukiinamisha galoni inafikiria kwanza. Tena dawa ya kuzuia kelele, dawa ya kuzuia kuvuja, na chupa moja yenye picha ya simba. Simba anatibu nini sikuona, maandishi madogo mno. Lakini simba ni simba.

Jumatano, tarehe 6

Baba yao alipolala mchana nikafungua boneti. Oili ya zamani sikuimwaga, mimi sikulelewa kumwaga vitu. Nikaongeza juu yake. Kijiti cha kupimia kina alama mbili, ya chini na ya juu. Ile ya juu kaiweka mtu mchoyo, nikaipita. Simba akaingia mwisho.

Nikawasha. Kimya! Kimya kabisa! Kikohozi anakoroma taratibu kama paka aliyeiba samaki! Nimecheza peke yangu uani, ndala moja imerukia kwa jirani.

Nikampigia wifi. Nikamwambia kesho ajiandae, nampitia twende sokoni akasikie kazi za duka la mwanangu. Nikakata simu kabla hajakataa. Raha iliyoje!

Alhamisi, tarehe 7

Asubuhi ya baridi. Kikohozi kagoma kuamka, anazunguka kama mtu anayekoroga lami. Nikambembeleza, nikamtukana, akawaka.

Wifi kaketi mbele, mkoba magotini, mdomo kaubana. Tulipofika kwa kinyozi akasema, "Kweli, kimya." Nimeliandika hapa kwa sababu hatalirudia.

Halafu moshi. Wa buluu! Kinyozi akafunga mlango, mteja wake kanyolewa nusu kichwa. Nikamwambia wifi huo ni uchafu wa zamani unatoka, kama mtu aliyekunywa dawa ya tumbo. Akasema kwa wingi huo, basi na tumbo lenyewe linatoka.

Taa ya oili ikawaka. Kikohozi akazimika katikati ya barabara, pua kwa pua na gari la kufundishia. Ndani yake, mwalimu wa udereva! Akashuka, akipunga moshi kwa kofia, akauliza gari hili linahudumiwa na nani.

Nami, kabla sijafikiri, kwa sauti ya fahari: "Na binti yangu!"

Wifi aliteremka, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya umeme.

Ijumaa, tarehe 8

Kikohozi kavutwa kwa kamba hadi dukani. Binti yangu hakufoka. Afadhali angefoka. Kaniuliza tu, "Mama, umemtia nini?" Nikamtajia. Nilipofika kwa simba akakaa juu ya tairi.

Akafungua nati ya chini. Oili gani ile? Uji wa mapovu, karibu mara mbili ya kipimo. Akasafisha, akabadili filta, akatia oili nyepesi ya kitabuni mpaka kwenye alama ya mchoyo. Kikohozi akakohoa tena. Binti yangu akachukua spana, akarekebisha vali. Kimya. Akasema kile kikohozi kilitaka spana, hakikutaka chupa.

Uchafu wangu akautia kwenye chupa ya kioo, akaiweka kaunta pamoja na chupa ya oili safi. Mara mwalimu wa udereva huyo mlangoni, uso kaukunja. Nikaona duka halimalizi mwezi, nikamsikia yule mzee wa gereji na "wee msichana" wake. Nikatoka nyuma ya magaloni: mwalimu, mkosaji ni mimi, mwanangu hana habari!

Binti yangu akainamisha zile chupa mbili. Moja ikatiririka, nyingine ikang'ang'ania kioo. Akamwambia mwalimu, "Hii nzito ndiyo ambayo magari yako hayataionja." Mwalimu akacheka hadi akavua miwani. Magari yote yanakuja! Yote! Mwanangu akanikumbatia na mikono yake ya oili. Gauni hili halifuliwi.

Jumamosi, tarehe 9

Nimetulia nimefikiri. Nani kamleta mteja? Chupa ya kaunta. Na ya kaunta kaipika nani? Mimi! Bila simba mwalimu angecheka nini?

Wifi kaja, mpole kama mgeni, kuomba giaboksi yake iangaliwe. Binti yangu kamwambia ataitia ile oili nyekundu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lake. Nimeichungulia. Nyepesi kama juisi ya watoto! Si haki mwanangu abebe mzigo huo peke yake. Mchuuzi wa kona kaleta dawa mpya ya giaboksi, ina picha ya tembo. Nimechukua mbili, ziko chini ya kanga kwenye kikapu changu.

Kinyozi anakuja, mwalimu anakuja, muuza vocha anakuja, yule mama mwenye haraka pia. Wifi nimemwambia alilete gari lake mapema kabla ya wote, aniachie funguo. Wote kesho, Jumapili ya ufunguzi!